Mama Kevina, mwalimu msaidizi asiye na cheti



Kila mwaka vyuo vinapofunga, ofisi za parokia zetu huku Tabata, kuanzia Kimanga hadi Segerea, hupokea wageni wa namna moja. Ni vijana waliomaliza stashahada au shahada, wengi katika ustawi wa jamii, maendeleo ya jamii au uuguzi. Wana bahasha ya kaki mkononi na wanaomba barua ya paroko ya kuambatanisha na maombi ya kazi. Miaka ya karibuni nimeona wengi wao wakiomba katika mashirika yanayowahudumia watoto wakati wa maafa, hasa kwenye kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta kule Kigoma. Tangazo la kazi linataka uzoefu wa miaka mitatu au mitano. Kijana anauliza ataupata wapi uzoefu huo ikiwa kila mlango unadai awe nao kabla ya kuingia. Sisi mapadre huandika barua, hugonga muhuri na kuahidi sala.

Swali lao linastahili zaidi ya muhuri. Ndiyo maana Jumapili hii napenda tumtazame mwanamke ambaye Waganda walimwita Mama Kevina. Mwaka 2016 Kanisa nchini Uganda lilifungua mchakato wa kumtangaza mtakatifu, na kwa hiyo sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu. Wengi wetu tunawafahamu binti zake, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, wanaofanya kazi Uganda, Kenya na hapa kwetu Tanzania. Ni wachache wanaojua mama yao alianzia wapi.

Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 karibu na mji wa Arklow, wilaya ya Wicklow, nchini Ireland, akapewa jina la Teresa Kearney. Baba yake, mkulima, alikufa kwa ajali miezi mitatu kabla binti hajazaliwa. Mama yake akaolewa tena, naye akafariki Teresa akiwa na miaka kumi. Akalelewa na bibi mzaa mama. Alipofikisha miaka kumi na saba, bibi naye akafa. Kabla hajawa mtu mzima, msichana huyu alikuwa amezika kila aliyemlea.

Alitaka kuwa mwalimu. Alikwenda kwa masista wa Huruma katika mji wa Rathdrum kujifunza kazi hiyo, lakini ada ya mafunzo kamili ya ualimu ilimshinda. Akafundisha hivyohivyo, kama mwalimu msaidizi asiye na cheti, ngazi ya chini kabisa shuleni. Baada ya mwaka mmoja hivi akavuka bahari kwenda Uingereza, kufundisha katika shule ya masista huko Essex, akiwa msaidizi bado. Wazazi mnaosoma hapa mnaijua hali hiyo: mtoto ana akili, ana moyo, jina limetoka kwenye orodha, na pesa haipo.

Mwaka 1895, akiwa na miaka ishirini, alijiunga na masista Wafransisko wa Mill Hill, London. Alipoweka nadhiri mwaka 1898 alichukua jina la Kevin, mtakatifu wa mkoa wake wa Wicklow. Aliomba kutumwa Marekani kuwahudumia watu weusi, ambao wakati huo walikuwa wametoka utumwani miaka thelathini tu iliyopita. Akasubiri miaka mitatu. Marekani haikuja. Badala yake Askofu Henry Hanlon, Mmisionari wa Mill Hill aliyekuwa Uganda, aliomba masista, naye akawa mmoja wa sita waliochaguliwa.

Waliondoka London tarehe 3 Desemba 1902. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwaka mmoja tu kabla yake, na kutoka hapo safari ilikuwa ya majini. Tarehe 15 Januari 1903 waliingia Nsambya, kilima kimojawapo cha Kampala. Sista Kevin alikuwa na miaka ishirini na saba, umri uleule wa vijana wa bahasha ya kaki.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu tukisoma maisha ya wamisionari tuna tabia ya kuruka moja kwa moja hadi kwenye mahospitali na shule, kana kwamba vilishuka kutoka mbinguni. Walichokikuta masista wale ni dharura. Ugonjwa wa malale ulikuwa umezuka kando ya Ziwa Victoria karibu na mwaka 1900, na kabla haujatulia uliua watu zaidi ya 200,000 upande wa Uganda. Mwaka huohuo wa 1903 ndipo wataalamu walipothibitisha kwamba mbung'o ndiye anayeueneza. Dawa ya kuaminika haikuwepo. Baadaye serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kutoka mwambao wote wa ziwa, vijiji vikabaki vichaka. Ongeza ndui, ongeza malaria, ongeza akina mama waliokufa wakati wa kujifungua. Kila mtu mzima aliyekufa aliacha watoto, na watoto walikuwa wengi kuliko ndugu wa kuwachukua.

Kati ya masista sita hakukuwa na daktari hata mmoja. Sista Kevin kwa kazi yake alikuwa mwalimu, tena msaidizi. Lugha ya Kiluganda walikuwa ndio kwanza wanaianza. Zahanati yao ya kwanza ilikuwa kivuli cha mwembe. Wagonjwa walikaa chini ya mti, masista wakaosha vidonda na kufunga bandeji, wakagawa dawa chache walizokuwa nazo. Wakati huohuo walifungua darasa, maana mtoto aliyepona lazima awe na mahali pa kukaa mchana.

Nawasisitizia vijana jambo hili la mwembe kwa sababu ninalipenda, na pia kwa sababu linaweza kupotosha. Ni rahisi kuhubiri kwamba Sista Kevin alikuwa na upendo na upendo ukatosha. Haukutosha. Chini ya mwembe ule watu waliendelea kufa, watoto wachanga hasa, na yeye aliliona hilo kila siku. Miaka yake iliyofuata, karibu yote, inaeleweka ukijua kwamba mwalimu huyu aliyekosa ada alikataa kuridhika na kujitolea bila ujuzi.

Mwaka 1910 akawekwa kuwa mkuu wa masista wenzake nchini humo. Miaka minne baadaye vita vya wakoloni vikafika huku kwetu. Waingereza walipopigana na Wajerumani katika nchi hii ya Tanganyika, mizigo ilibebwa na vichwa na mabega ya Waafrika, wapagazi waliochukuliwa kwa maelfu kutoka Uganda, Kenya na kwingineko. Walikufa zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Nsambya ikageuzwa hospitali ya wapagazi hao. Mama Kevina na wenzake waliwapokea watu wasioweza kusimama, waliorudi kutoka vita isiyowahusu. Serikali ya Uingereza ilimpa nishani ya MBE mwishoni mwa 1918. Mimi huwa najiuliza wapagazi wenyewe walipewa nini, lakini hilo si la kumlaumu yeye aliyewaosha miguu.

Vita vilipokwisha, njaa ilikuwa Ulaya. Na hapa inafaa kumtaja mwanamke mwingine, kwa sababu kazi ambayo vijana wetu wanaiomba leo, kazi ya kuwaokoa watoto katika maafa kwa utaratibu na kwa taaluma, ilianza kupata umbo lake wakati huo. Eglantyne Jebb, Mwingereza wa Kanisa la Anglikana, naye aliwahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka 1919 alikamatwa katika viwanja vya Trafalgar, London, kwa kugawa karatasi zenye picha za watoto wa Austria waliokonda kwa njaa. Watoto hao walikuwa wa nchi iliyokuwa adui jana yake. Alitozwa faini ya pauni 5, na Mei mwaka huohuo yeye na dada yake wakaanzisha mfuko wa Save the Children. Alikwenda hadi Roma. Baba Mtakatifu Benedikto XV akaandika waraka Novemba 1919 akiyaagiza makanisa yote Katoliki duniani kukusanya sadaka kwa ajili ya watoto wa Ulaya ya kati siku ya Watoto Mashahidi, tarehe 28 Desemba, na mwaka uliofuata akausifu mfuko ule kwa jina katika waraka mwingine. Papa na Mwanglikana, mwaka 1919, miaka zaidi ya arobaini kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano! Mwaka 1924 Shirikisho la Mataifa kule Geneva lilipitisha tamko la haki za mtoto ambalo Jebb aliliandika. Katika tamko hilo imo kanuni kwamba yakitokea maafa, mtoto ndiye wa kwanza kusaidiwa.

Turudi Nsambya. Katika miaka hiyohiyo Mama Kevina alikuwa akipambana na tatizo ambalo halikutoka kwa mbung'o wala kwa Wajerumani. Lilitoka kwa Kanisa lake mwenyewe. Kanuni za Kanisa za wakati huo ziliwazuia watawa kufanya kazi ya ukunga. Walioziweka waliona wanalinda nadhiri ya usafi. Huenda katika miji ya Ulaya yenye wakunga na madaktari kila mtaa, zuio hilo halikumuumiza mtu. Nsambya liliwaumiza wote. Mama analetwa akiwa na uchungu wa siku mbili, sista anajua nini kinahitajika, na sheria inamwambia asiguse.

Mama Kevina hakuivunja nadhiri yake ya utii, na hakunyamaza. Alitafuta njia ya kuzunguka, akaendelea kuomba sheria ibadilishwe. Njia ya kuzunguka ilikuwa walei. Mwaka 1919 alikuja daktari mlei, Evelyn Connolly, naye pamoja na Mama Kevina wakaanzisha pale Nsambya shule ya wauguzi na wakunga kwa wasichana wa Kiganda. Fikirini maana yake. Wasichana ambao wengi waliwahesabu kuwa wa kuolewa tu, sasa wanasoma mwili wa binadamu, wanapima, wanaandika, wanapewa vyeti. Hicho hasa alichokikosa Teresa Kearney akiwa na miaka kumi na saba ndicho alichokwenda kuwapa wengine.

Mwaka 1923 alianza shirika la watawa Waafrika na wasichana wanane. Hao ndio mwanzo wa Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, wenye makao makuu Nkokonjeru. Walikuwepo waliosema Mwafrika hawezi utawa, na baadhi yao walivaa kanzu kama yangu. Katika miaka hiyohiyo ya ishirini alifika Nsambya Mwairishi mwingine, Marie Martin, aliyewahi kuuguza askari majeruhi wakati wa vita. Hakuwa mtawa. Alikuja kama mlei anayejifunza kazi, na alichokiona Uganda hakikumtoka moyoni.

Rufaa za watu wengi, Mama Kevina akiwemo, hatimaye zilisikika. Februari 1936 Roma ilitoa maelekezo mapya yaliyowaruhusu watawa wa kike katika nchi za misioni kusomea na kufanya udaktari, uuguzi na ukunga. Kutoka mwembe wa 1903 hadi hapo ni miaka thelathini na mitatu. Mwaka uliofuata Marie Martin alianzisha shirika la Wamisionari wa Tiba wa Maria, ambao baadaye walifika nchini kwetu. Waliojifungulia Makiungu kule Singida, au waliotibiwa Dareda kule Manyara, wamekula tunda la subira hiyo bila kujua mti ulipandwa wapi.

Nimeyasimulia haya kwa kirefu kwa sababu najua mawazo mawili yanayozunguka vichwani mwa vijana wetu, na kwa wazazi wao pia. La kwanza ni kwamba kazi ya kuwasaidia watoto wakati wa maafa inaanza siku unapopewa fulana yenye nembo ya shirika na gari la kukupeleka kambini. La pili, kwamba mwenye moyo mzuri hahitaji kujifunza chochote. Yote mawili yana hatari, na hili la pili nalihofia zaidi.

Sisi wa Tabata hatuhitaji kwenda Kigoma kuiona dharura. Mto Msimbazi unapita hapo bondeni. Desemba 2011 mvua zilipofurika Dar es Salaam, watu takriban 40 walikufa, familia zikalala madarasani, na nyingine zikahamishiwa Mabwepande. Katika siku kama hizo watu wema hujitokeza, Mungu awabariki, na mara nyingine wema huo unaongeza madhara. Mtu anamwona mtoto analia peke yake, anamchukua kwenda naye nyumbani kwake upande wa pili wa mji, na mama anazunguka siku nne akimtafuta. Mwingine anawapiga picha watoto wakiwa nusu uchi na kuzirusha kwenye simu ili watu watoe michango. Yule wa kwanza alitakiwa abaki na mtoto palepale au jirani na hapo, aandike jina lake, la wazazi, mahali alipopatikana na saa, kisha atoe taarifa serikali ya mtaa na kwa afisa ustawi wa jamii, au apige 116, namba ya simu ya huduma kwa mtoto. Haya ni mambo ya kujifunza. Hayaji kwa kuzaliwa na huruma.

Hata yule Msamaria wa Injili ya Luka alijua la kufanya. Alisafisha majeraha kwa divai, akayalainisha kwa mafuta, akayafunga, akampandisha mgonjwa juu ya mnyama wake, akamfikisha mahali penye huduma, akalipa, na akapanga kurudi kuangalia maendeleo. Tukihubiri tunakaza huruma yake na kusahau kwamba alibeba vifaa safarini.

Kwa hiyo kijana anayeniuliza aanzie wapi, namwambia aanzie palipo na mwembe. Msalaba Mwekundu hufundisha huduma ya kwanza. Caritas ya parokia inahitaji mtu wa kuandika orodha za kaya zilizo bondeni kabla ya masika, kazi isiyo na posho wala picha. Afisa ustawi wa jamii wa kata ana mafaili ya watoto kuliko anayoweza kuyasoma. Mwaka mmoja wa kazi hizo, ukiwa na barua ya afisa mwenyewe, una uzito kuliko muhuri wangu. Na wakati huohuo asome. Asiye na cheti akitafute, hata kama ni kidogo kidogo, kwa jioni na kwa mkopo wa shangazi. Mei 2015 Warundi walipokimbilia Kagunga, kwenye ufukwe mwembamba wa Ziwa Tanganyika, kipindupindu kikazuka kati yao. Waliookoa watoto ni wale waliojua kupima maji, kuchanganya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, na kuhesabu nani amepakiwa kwenye meli ya Liemba na nani amebaki. Wengi walikuwa vijana. Sala zetu ziliwafikia, naamini hivyo, lakini klorini ilipaswa kuchanganywa na mtu.

Wazazi nao nawaomba kitu. Msimcheke binti anayejitolea mwaka mzima bila mshahara huku mwenzake ameajiriwa dukani Kariakoo. Ila msiruhusu pia anyonywe. Yako mashirika, na tukiri zipo taasisi za dini, zinazomwita kijana mtu wa kujitolea kwa miaka minne ili kukwepa kumlipa. Mama Kevina aliwapa wasichana wake ujuzi na cheti cha kuondoka nacho. Anayekutumikisha bila kukufundisha chochote hakukuzi.

Yeye mwenyewe hakuacha kuanza upya. Katika miaka ya thelathini, akikaribia sitini, alifungua vituo vya wagonjwa wa ukoma Nyenga na Buluba, ambako watoto walikuwa wakitengwa pamoja na wazazi wao. Nkokonjeru alianzisha nyumba ya kulelea yatima na watoto wenye ulemavu. Mwaka 1952 masista wenzake wa Ulaya waliokuwa Afrika walifanywa shirika linalojitegemea, Masista Wafransisko Wamisionari kwa Afrika, naye akawa mkuu wao wa kwanza akiwa na miaka sabini na saba. Alipostaafu mwaka 1955 alitumwa Boston. Marekani aliyoiomba akiwa msichana ilimpokea akiwa bibi wa miaka themanini, na kazi aliyopewa huko ni kuomba michango kwa ajili ya misheni za Afrika.

Alifariki huko tarehe 17 Oktoba 1957. Mwili wake ulipelekwa Ireland, kwao, uzikwe kwa wenzake. Waumini wa Uganda hawakukubali. Walichanga pesa wao wenyewe, maskini wengi kati yao, kulipia ndege ya kumrudisha, na kabla mwaka huo haujaisha akazikwa Nkokonjeru, kati ya masista aliowaanza akiwa na wanane. Katika Kiluganda jina lake likageuka neno la kawaida. Watu walisema kevina wakiwa na maana ya hospitali, au nyumba yoyote ambamo mtu hupokelewa bila kuulizwa ana nini mfukoni.